Picha ya Majengo: Urafiki wa Wawili, Ruhusa ya Mmoja

Picha yenyewe si kubwa. Ni rangi ya mafuta juu ya kadibodi ya kahawia, ile ya maboksi ya bidhaa, na sehemu kadhaa kadibodi imeachwa wazi ikawa ndiyo rangi ya ukuta. Mwanamke mmoja amelala ubavu kitandani, blanketi limemfika kiunoni, mdomo umeachama kidogo kwa usingizi mzito wa mchana. Mwenzake, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, ameketi miguuni pa kitanda na kuipakata miguu ya aliyelala. Mkono mmoja umeshika kifundo, mwingine una jiwe la kusugulia nyayo. Sakafuni kuna beseni. Ukutani buibui linaning'inia kwenye msumari. Hakuna mwanamume chumbani, na hakuna anayejali kama anatazamwa.

Wote wawili hufanya kazi ya usiku, ile ambayo Nairobi inaijua vizuri na huitaja kwa dharau. Wamepanga chumba kimoja Majengo, Pumwani. Hawana undugu wa damu. Mchoraji ni kijana wa Eastlands ambaye mama yake huuza chai na mahamri karibu na lango la ploti yao. Amewafahamu tangu akiwa shule ya msingi. Mkubwa humwita "mwanangu", naye humwita "mama". Niliombwa na pande zote niketi nao picha hiyo ilipoleta ugomvi, na wote watatu wamekubali kisa kiandikwe bila majina. Nimekubali kukiandika kwa sababu kinagusa jambo ambalo sisi tunaoandika kuhusu sanaa hapa mjini hulipita haraka: tunauliza kama mchoraji amewaheshimu anaowachora, lakini hatuulizi urafiki ni mali ya nani.

Yaliyotokea

Kijana alikuwa na mazoea ya kupita pale alasiri, akimaliza kumsaidia mama yake, na kukaa mlangoni kwenye kibao akichora chochote kilicho mbele yake. Siku moja akamwomba mkubwa ruhusa ya kuwachora wakiwa ndani. Mkubwa akajibu, "Chora tu, mwanangu. Huyu ni mdogo wangu, nikikubali mimi amekubali." Mdogo alikuwa amelala. Akachorwa akiwa amelala, siku hiyo na alasiri zilizofuata, na kila alipoamka alidhani kijana amekuja kupiga soga kama kawaida yake.

Picha ikachaguliwa kwa maonyesho ya pamoja ya wachoraji chipukizi. Wenye ukumbi wakaiweka mtandaoni kabla ya siku ya ufunguzi, na chini yake maelezo yaliyotaja Majengo kwa jina na kazi ya wanawake hao kwa jina. Jirani akaiona kwenye simu, akamwonyesha mdogo. Uso unatambulika. Blanketi linatambulika. Mdogo ana mtoto anayelelewa na nyanya yake kijijini, na huko wanajua mama yake ni mhudumu wa hoteli.

Hakufoka. Alifunga nguo zake akahamia Shauri Moyo kwa mwanachama mwenzake wa chama, na kwa wiki kadhaa wawili wale hawakusemezana. Picha iliyochorwa kusifu urafiki ikawa imeuvunja, na mkubwa, aliyetoa ruhusa kwa nia njema kabisa, akabaki analipa kodi ya chumba peke yake. Kijana aliwaandikia wenye ukumbi waitoe. Waliitoa mtandaoni baada ya kusitasita, lakini kufikia hapo ilishasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kitu kikishafika huko hakirudi.

Kielelezo cha Paris

Ili kumwelewa kijana huyu ni lazima kuelewa alikuwa akimfuata nani. Ukutani kwake amebandika nakala ya picha ya mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec iitwayo Dans le lit, yaani Kitandani, iliyochorwa mnamo 1892 au 1893 na ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Vichwa viwili vyenye nywele fupi vimechomoza juu ya mashuka na blanketi, vimegeukiana, na hicho ndicho karibu kila kitu kilichomo. Ni wanawake wa danguro, saa ambayo hakuna mteja. Hiyo nayo ni mafuta juu ya kadibodi. Lautrec alizimua rangi kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama wino, akaipaka juu ya kadibodi inayonyonya upesi, hivyo aliweza kuchora kwa kasi kabla anayechorwa hajageuka. Kijana aliichukua mbinu hiyo nzima nzima, na kwa Nairobi ina faida nyingine: turubai ni ghali, kadibodi unaokota.

Kuhusu Lautrec kuna maelezo ambayo husemwa mara nyingi mno, nami siyakubali yalivyo. Alizaliwa Albi, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1864, katika ukoo wa makabaila. Mwaka 1878 alivunjika mfupa wa paja, mwaka uliofuata wa pili, miguu ikaacha kurefuka. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa mita 1.5 hivi. Basi husemwa kwamba kwa kuwa alidharauliwa kwa sababu ya mwili wake, aliwaelewa waliodharauliwa kwa sababu ya kazi yao. Huenda palikuwa na ukweli ndani yake. Lakini alikuwa na pesa za familia na alikuwa na mlango wa kutokea. Wanawake wa madanguro ya rue des Moulins na rue d'Amboise, mitaa ya Paris, hawakuwa na hivyo viwili. Huruma inayotokana na maumivu haimfundishi mtu kuchora kifundo cha mguu.

Kilichomfundisha, kwa maoni yangu, ni saa. Miaka ya mwanzo ya 1890 alikuwa akikaa kwa siku nyingi katika nyumba hizo, anakula na wanawake na kucheza karata nao, anawaona asubuhi, mchana na usiku. Angalia mkusanyo wake wa litografia, picha zinazochapwa kutoka kwenye jiwe, uitwao Elles, uliotolewa na mchapishaji Gustave Pellet mwaka 1896: picha 10, pamoja na jalada na ukurasa wa kwanza, seti 100. Mteja aliyetarajia uchi alikutana na mwanamke anayeinamia beseni, mwingine anajitazama kwenye kioo, mwingine anachana nywele, mwingine ameketi kitandani huku mwenzake akiondoka na sinia la kifungua kinywa. Mkusanyo haukuuzika vizuri, na sababu si ngumu kuikisia. Ni siku nzima ya wanawake wenyewe, na mnunuzi karibu hakuwekewa nafasi yake ndani.

Hapo kuna jambo kijana hakuliona, na mimi pia sikuliona mpaka mdogo aliposema maneno nitakayoyaleta baadaye. Lautrec alikuwa na siku nzima. Kijana alikuwa na alasiri.

Kuna picha nyingine ya Lautrec, ya 1894, iliyoko National Gallery of Art mjini Washington, ambayo ningependa kila anayechora wanawake wa kazi hii aitazame. Wanawake wawili wamesimama kwenye foleni, mashati yameinuliwa, wakisubiri kukaguliwa na daktari. Paris wakati huo wanawake wa madanguro waliandikishwa na polisi na kupimwa kwa amri, na utaratibu huo wa nyumba zilizoruhusiwa ulidumu hadi zilipofungwa mwaka 1946. Mkono wa daktari hauonekani, lakini unajua unakuja. Mchoraji yuleyule, wanawake walewale, na mguso wa aina mbili: ule unaoamriwa na ule unaotolewa.

Pumwani inajua karatasi

Majengo si mahali pasipo historia ya mambo haya. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makazi ya Waafrika, na watu wa vijiji vya awali, Pangani kikiwa cha mwisho kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakasukumwa huko. Watafiti Janet Bujra na Luise White waliowahoji wazee wa mtaa katika miaka ya 1970 walionyesha kwamba wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba, na wengi wao walizijenga kwa pesa za kazi hiihii. Walikuwa wamewaacha waume, au wametoroka ndoa, au hawakuwa na pa kurudi. Wengi wakasilimu, na mtaa ukawapa ndugu wapya. Kwa hiyo mkubwa anaposema "huyu ni mdogo wangu" haigizi. Anatumia undugu ambao Pumwani imekuwa ikiutengeneza kwa miaka 100.

Na Majengo ina jambo jingine. Tangu 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya kazi hii mtaani hapa. Ni kutokana nao ndipo sayansi ilijifunza kwamba baadhi yao walibaki bila virusi vya UKIMWI licha ya kukutana navyo mara kwa mara kwa miaka. Damu ya Majengo imesomwa katika maabara za mbali. Maana yake ni kwamba wanawake wa hapa wanaijua karatasi ya ridhaa kuliko mchoraji yeyote wa Nairobi.

Tulipoketi hatimaye, sote wanne, chumbani mwao, swali la kwanza la mdogo lilikuwa hilo. "Hapa Majengo hata damu haitolewi bila kuulizwa na kuweka sahihi. Mimi fomu yangu iko wapi?"

Kijana alijibu kwamba hakuchora uchi. Ni kweli, na alilisema kwa unyenyekevu. Lakini jibu alilopewa limebaki nami. "Mwili wangu najua bei yake," mdogo alisema. "Usingizi sijawahi kuuza."

Nimesoma maandishi mengi kuhusu jicho la mchoraji na mwili wa mwanamke, na sijakutana na sentensi iliyoweka jambo mahali pake namna hiyo. Tunapima heshima kwa kiasi cha nguo. Tunasema picha haina aibu kwa sababu blanketi limefika kiunoni. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuamua kila usiku nini kionekane, kwa nani, kwa muda gani, saa ya kulala ndiyo pekee ambayo hakuna anayemwamulia wala anayemlipia. Hiyo ndiyo iliyobebwa hadi ukumbini.

Mkubwa hakunyamaza, na sikutaka anyamaze. Hoja yake ni nzito. "Huyu nilimwosha akiwa hajiwezi," akatuambia, akimtazama kijana badala ya mwenzake. "Nilimlisha uji kwa kijiko. Leo niombe ruhusa ya miguu?"

Mdogo akamjibu polepole, "Uliponiosha, dada, tulikuwa wawili. Kwenye ile picha tuko na mji mzima."

Hapo ndipo naona kiini cha kisa. Ruhusa ya mkubwa haikuwa ya uongo. Alikuwa na haki juu ya mambo mengi: kumwamsha, kumkaripia, kumfungulia mlango au kutomfungulia mtu anayemtafuta. Urafiki wa namna ile unampa mtu mamlaka ambayo hata mama mzazi hana. Lakini mamlaka hayo yanaishia kizingitini. Ni ya ndani kwa ndani. Yakitolewa nje yanageuka kitu kingine, na hakuna rafiki anayeweza kuyatoa nje peke yake. Sheria yetu inasema sehemu ya hili: Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza nguvu. Lakini sheria humhesabu mtu mmoja mmoja. Kilichochorwa hapa hakikuwa mtu mmoja na mtu mmoja.

Je, ni wapenzi?

Swali hili liliulizwa mtandaoni mara tu picha ilipotoka, na liliulizwa kwa ukali. Huulizwa pia kuhusu Dans le lit, na kuhusu picha nyingine za Lautrec ambapo wanawake wawili wanakumbatiana waziwazi. Yeye alijua kwamba baadhi yao walikuwa wapenzi na hakuona haja ya kuficha; Cha-U-Kao, mchekeshaji wa Moulin Rouge, ukumbi wa dansi wa Paris, anayefungua mkusanyo wa Elles, alimchora akicheza dansi na mwanamke mwenzake bila kumlaumu wala kumfanyia kioja.

Nairobi swali hilo lina gharama. Mwaka 2018 filamu ya Kikenya kuhusu wasichana wawili wa jiji hili waliopendana ilipigwa marufuku na bodi ya filamu, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikakataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni za Adhabu, vinavyotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Wanawake wetu wawili tayari wanawakimbia kanjo, askari wa jiji, usiku. Kuongezewa tuhuma ya pili, mbele ya mwenye ploti anayetafuta sababu ya kupandisha kodi, si jambo la mjadala wa sanaa. Mkubwa alipoulizwa na jirani alijibu neno moja, "Tunaishi." Mimi siongezi. Mchoraji aliyekaribishwa ndani ya chumba hana deni la kumjibu mtu wa nje swali hilo, na picha nzuri haihitaji jibu lake ili ionekane nzuri.

Nairobi ina wachoraji walioingia katika usiku wa jiji kwa njia nyingine. Michael Soi amechora vilabu na wanawake wake kwa miaka mingi, kwa rangi kali na jicho la kejeli, na kejeli yake humwelekea zaidi mteja na mwenye cheo kuliko mwanamke. Hiyo ni kazi muhimu, na ina usalama fulani: watu wake ni sura za aina, si jirani yako. Kijana wetu alichagua njia ya karibu zaidi, na ukaribu una masharti ambayo kejeli haina.

Picha ya pili

Pendekezo la kufunika uso kwa rangi lilitolewa na mtu wa ukumbi. Mdogo alilikataa kabla sijafungua kinywa. Uso uliofutwa, alisema, ni uso wa mtu aliyefanya kosa.

Ndipo akasema maneno niliyoyaahidi. "Kwa nini mimi ndiye niliyelala kila mara? Asubuhi uko wapi, wewe? Asubuhi mimi ndiye ninayemchotea maji, ninayempa dawa ya presha, ninayemkanda mgongo. Njoo asubuhi."

Kijana alikuwa amechora nusu ya urafiki. Si kwa ubaya. Alasiri ndiyo saa aliyokuwa huru. Lakini picha yake ilisema kwamba kuna anayetunza na anayetunzwa, mama na mtoto karibu, na hilo si kweli. Wanapokezana zamu. Ukimwona mmoja tu akihudumiwa unadhani ni sadaka. Kwa wiki mbili kijana akaenda asubuhi.

Picha ya pili ina wote wakiwa macho. Mkubwa ameketi chini kwenye mkeka, amefumba macho kwa raha lakini hajalala, na mdogo yuko nyuma yake kitandani anamsuka. Mdogo tunamwona mgongo na mikono. Yeye mwenyewe alichagua kukaa hivyo, na alichagua lesso: ile iliyoandikwa WEMA HAUOZI, akadai maandishi yasomeke. Kwenye picha ya kwanza lesso zilikuwa rangi tu.

Nikiulizwa kama mhakiki, ya kwanza ni kazi bora zaidi. Mkono ulioshika kifundo umechorwa kwa mistari michache na una uzito wote wa mkono. Mgongo wa mdogo kwenye ya pili ni mgumu, umefikiriwa mno. Nasema hivyo bila kusita, na bila kusita nasema ya kwanza ilistahili kushushwa. Ubora wa picha si hoja dhidi ya mtu aliyemo. Na hakuna aliyeichoma: ilikabidhiwa mdogo, kwa kuwa ni yeye ambaye hakuulizwa, akaifunga kwa gazeti na kuiweka sandukuni. Alirudi chumbani kabla ya mwezi kuisha. Sikuuliza walisemezana nini siku hiyo.

Makubaliano yaliandikwa kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yakasomwa kwa sauti na kuwekwa sahihi na watatu. Picha ya pili ikiuzwa, pesa zigawanywe mafungu matatu sawa. Mtaa usitajwe, kazi isitajwe. Isiwekwe mtandaoni mpaka wote wawili waseme ndiyo, na mmoja akisema hapana, hapana yake inatosha. Mnunuzi aelezwe haya kabla ya kulipa. Wa kwanza kuelezwa alighairi, alitaka kuiweka kwenye kalenda ya kampuni yake. Wa pili alikubali na kulipa, na mafungu yakatumwa kwa M-Pesa jioni hiyohiyo.

Kimebaki kipengele kimoja ambacho hakijaandikwa. Mkubwa anataka, akitangulia yeye, uamuzi wote uwe wa mdogo. Mdogo hataki, anataka fungu na neno la mkubwa viende kwa binti wa mkubwa aliyeko Thika, ambaye hajaongea na mama yake kwa miaka. Mkubwa anasema binti huyo hana lake humo. Wanabishana kila ninapopita, na kijana amekataa kuandika lolote mpaka wakubaliane wenyewe.